Mizani ya Uzi: Tarizi ya Wapalestina na Warithi Wake

Neno tarizi ni la zamani katika Kiswahili. Maana yake ni kuitia nguo nakshi kwa sindano na uzi, hasa penye pindo, nalo huenda sambamba na jamaa zake darizi na almaria. Asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo shina hilo hilo lilizaa tiraz, jina la utepe wa maandishi uliopamba mavazi ya heshima ya zama za makhalifa, na jina la karakana zilimofumwa nguo hizo. Likazaa pia tatriz, neno ambalo Wapalestina huiitia kazi ya sindano ya mama na bibi zao. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili akutanapo na sanaa hiyo hakutani na mgeni kabisa. Jina analo tayari. Lililobaki ni kuijua kazi yenyewe, kisha kuipima.

Kuipima ni jambo lililochelewa. Sifa hazikukosekana: Desemba 2021 UNESCO iliiandika tarizi ya Palestina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu, na nakshi zake zaonekana leo katika majumba ya sanaa, katika maduka ya mavazi, juu ya mito ya viti, mikoba na hata vikombe. Karibu kila atengenezaye kitu cha namna hiyo husema kuwa amekirithi kwa bibi yake. Neno hilo ni zito, wala halifai kupokewa bila kuulizwa. Bibi ameacha nini hasa? Kama ameacha picha, basi kila mwenye mashine ya kuchapa ni mrithi wake. Kama ameacha kanuni, basi warithi ni wachache zaidi, na kazi zao hazina budi kutazamwa mojamoja.

Msingi wa tarizi hiyo, hasa katika vijiji vya kati na kusini mwa Palestina, ni mshono wa msalaba. Mshonaji wa zamani hakuchora kitu juu ya nguo. Alichukua kitambaa cha kitani au cha pamba kilichofumwa kwa mkono, akahesabu nyuzi za mtande na za mshindio, akaipitisha sindano kwa mshazari juu ya nyuzi chache, kisha akairudisha kwa mshazari wa pili ulioukata wa kwanza. Ukikamilika msalaba mmoja hufuata wa pili na wa tatu, yote ya kimo kimoja. Kwa sababu hiyo hakuna mviringo wa kweli katika mshono huu: mwezi wake una pembe, ua lake lina ngazi, na ndege wake amejengwa kwa miraba. Anayekosea uzi mmoja mwanzoni huona kosa lake limekua mwishoni, maana nakshi ya kulia haitakutana na ya kushoto.

Wanafunzi wa ushairi wa Kiswahili hawatataabika kuielewa sheria hiyo. Shairi la mishororo minne, lenye mizani 8 katika ukwapi na 8 katika utao, huishi kwa hesabu ya namna moja nayo. Mshairi hahesabu ili ajifunge. Huhesabu ili sauti yake itambulike na sikio la watu wake. Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954 hakuzianzisha sheria hizo. Aliandika yale ambayo masikio yalikwisha kuyajua. Na binti wa kijiji cha Palestina naye hakupewa kitabu. Mwana hutazama kisogo cha nina: aliketi karibu na mama yake tangu udogo, akautazama mkono, akahesabu, akafumua alipokosea, akahesabu tena. Kufikia wakati wa kuolewa alikuwa na nguo za harusi alizozitarizi mwenyewe, na kila mwenye macho kijijini aliweza kupima humo subira yake na akili yake.

Ndani ya hesabu hiyo mlikuwa na msamiati. Palikuwa na pembetatu iitwayo hirizi, na ruba aliyejipinda, na mwezi, na mtende, na hema za pasha, na mti mrefu mwembamba ambao Biblia ya Kiswahili huuita mberoshi. Nakshi hizo hazikutapakaa ovyo. Kifua cha kanzu ya mwanamke kilibeba kipande kilichojaa kuliko vyote. Vipande vya ubavuni, ambavyo washonaji wa kanzu wa pwani ya Afrika Mashariki wangeviita taharizi, vilibeba safu za wima. Pindo la nyuma nalo lilikuwa na fungu lake. Kila mahali palikuwa na lafudhi yake. Ramallah ilijulikana kwa kitani cheupe na uzi mwekundu. Bethlehem ilijulikana kwa nyuzi za hariri na za madini zilizolazwa juu ya nguo na kushikizwa kwa mshono mdogo, kazi isiyo ya msalaba hata kidogo. Bayt Dajan, karibu na Jaffa, kilikuwa kijiji cha nchi ya michungwa, na wake zake walishona maua ya mchungwa pamoja na miberoshi, kama bustani zenyewe zilivyozungukwa na miti hiyo. Miongoni mwa Wabedui wa Naqab na Sinai hata hali ya ndoa ilisomwa katika uzi: nyekundu ilikuwa rangi ya mke, buluu ya mjane, na mjane aliyekuwa tayari kuolewa tena aliziingiza nyuzi nyekundu katikati ya buluu yake. Nguo ilikuwa imekwisha kusema kabla mwenye kuivaa hajafungua kinywa.

Hapa wapenzi wengi wa mambo ya kale hukosea. Wakiuona utajiri huo hudhani ulikaa karne nyingi bila kuguswa, na kwamba kila badiliko la leo ni uharibifu. Ushahidi hauwaungi mkono. Wanawake wa Bethlehem walitengeneza vipande vya kifua vya kuuza, na bibi harusi wa vijiji vingine wakavishona katika kanzu zao. Katika miaka ya 1930 uzi wa pamba wa kampuni ya DMC ya Ufaransa ulienea ukachukua nafasi ya hariri, na pamoja nao vikaja vijitabu vya michoro ya Ulaya: mawaridi, vikapu vya maua, ndege wawili wakitazamana. Wako waliohuzunika kwa ajili ya mawaridi hayo. Lakini yafaa kutazama wanawake walivyoyafanya. Waliyavunja katika hesabu yao, wakayapanga katika kifua na ubavu mahali palipokwisha kuwekwa, wakayapa majirani ya zamani na rangi walizozipenda wao. Kiswahili nacho kilipopokea neno la kigeni kililitia irabu mwishoni na kulipa ngeli, na baada ya muda neno likawa la nyumbani. Sarufi ikiwa hai haiogopi mgeni.

Pigo halikutoka kwa mawaridi. Mwaka 1948 zaidi ya Wapalestina 700,000 walifukuzwa au walikimbia makwao, na vijiji zaidi ya 400 vikabaki bila wenyewe. Bayt Dajan ni kimojawapo. Tangu siku hizo nguo iliyosema "mimi wa kijiji fulani" ilikuwa ikikitaja kijiji ambacho hakina tena mtu wa kuitikia. Kambini waliketi pamoja wanawake wa sehemu mbalimbali, kila mmoja na lafudhi yake, na lafudhi zikachanganyikana. Kidogo kidogo kanzu iliyokuwa cheti cha kijiji ikawa alama ya taifa zima. Katika uasi wa umma ulioanza Desemba 1987, wakati majeshi ya Israeli yalipokataza bendera ya Palestina kuonyeshwa hadharani, wanawake waliishona katika kifua, pamoja na ramani ya nchi na Kuba la Mwamba la Yerusalemu. Kanzu hizo ni kazi mpya kabisa, na hakuna bibi wa miaka ya 1900 aliyezivaa. Lakini zimehesabiwa kwa kanuni yake, na zimepangwa mahali alipopanga yeye. Ni vigumu kusema kuwa washonaji wake hawakuwa warithi.

Badiliko jingine lilikuja taratibu na halikusemwa sana. Mwaka 1969 mchoraji Huguette Caland, binti wa rais wa kwanza wa Lebanoni huru, aliasisi chama cha Inaash ili wanawake wa kambi za nchini humo wapate riziki kwa sindano zao. Kazi ya namna hiyo imehifadhi ustadi ambao huenda ungepotea, na imelisha watoto. Lakini imeleta pia mgawanyo usiokuwapo: mmoja huchora na kuchagua, mwingine hushona na kulipwa. Mwanamke aliyekuwa mtunzi na mwimbaji wa utenzi wake mwenyewe sasa aghalabu aimba maneno ya mwingine. Mgawanyo huo ndio unaowafikisha wasomaji kwa warithi wa leo, na watatu kati yao wanatosha kuonyesha njia tatu.

Wa kwanza ni Wafa Ghnaim, na haiwezekani kumtaja bila mama yake, Feryal Abbasi-Ghnaim. Mama alizaliwa Safad, katika Galilaya, akaondoka utotoni na jamaa zake mwaka 1948, na mwisho wa safari nyingi akakaa Oregon, Marekani. Huko aliwafundisha binti zake sindano, akatunga vitambaa vya ukutani vyenye visa vya maisha, na mwaka 2018 taasisi ya taifa ya sanaa ya Marekani ikampa heshima yake kuu ya sanaa za jadi. Binti ameufanya ualimu huo kuwa kazi yake, na katika kitabu chake Tatreez & Tea ameweka michoro ya ukoo pamoja na habari za kila nakshi. Nguvu ya njia hii ni kwamba hutoa kanuni wazi: mwanafunzi hafundishwi kunakili tu, hufundishwa jina, mahali na sababu. Hatari yake ni ile ya kila kitabu cha sheria. Nakshi moja iliweza kuwa na majina mawili katika vijiji viwili, na mama wawili wangeweza kuimaliza pembe kwa namna mbili. Mchoro uliochapwa huchagua moja, na msomaji wa mbali huidhani ni hiyo pekee. Ushairi wa Kiswahili umeyaona hayo pia, pale sheria za mafundi zilipofanywa ukuta hata Kichomi cha Kezilahabi kilipotoka mwaka 1974 wengine wakakataa kukiita ushairi. Hata hivyo kati ya hasara mbili hii ni ndogo. Kanuni iliyoandikwa yaweza kubishaniwa, iliyosahauliwa haiwezi.

Wa pili ni Jordan Nassar, aliyezaliwa New York mwaka 1985 katika jamaa yenye asili ya Palestina kwa upande wa baba. Huyu hakulelewa penye sindano ya bibi. Vitu vilivyotariziwa vilikuwa vikipamba nyumba, naye akaisoma kanuni yake ukubwani. Kazi zake zajulikana kwa jambo moja: katikati ya uwanja wa nakshi za jadi hutokea milima, mabonde na jua. Mtu akisimama mbali huona nchi. Akikaribia haoni ila misalaba. Na siri ya kazi hiyo i katika hesabu, kwa maana haikuguswa. Nakshi huendelea ileile toka pindo hadi pindo, na mlima hufanyika kwa kubadili rangi ya uzi peke yake. Huo ndio ufahamu wa mrithi. Angetaka kuchora mlima kwa mistari ya mviringo angekuwa mchoraji aliyeazima sindano. Kwa kuutoa mlima ndani ya mizani amekuwa mtarizi. Nchi yenyewe aionyeshayo ni nchi ya kuwaziwa, yenye milima ya waridi na mbingu za rangi zisizo za kawaida, na hilo ni kweli kwa mtu aliyeipokea Palestina kwa masimulizi kabla ya kuikanyaga.

Nassar hushirikiana na wanawake watarizi wa Palestina. Yeye hupanga nakshi, wao huchagua rangi na kushona sehemu yao, na nafasi iliyoachwa tupu huijaza yeye kwa mlima wake, akizijibu rangi alizozikuta. Washairi wa Kiswahili wanaijua desturi hiyo kwa jina la kujibizana. Lakini katika kujibizana kwa washairi kila beti hubeba jina la mtunzi wake, na anayejibu humtaja anayemjibu. Kazi za Nassar huingia sokoni kwa jina moja. Yeye mwenyewe huusema wazi ushirika huo, na hilo ni la kumheshimu. Walakini hukumu ya haki hailitupi swali hili. Kama uchaguzi wa rangi ni nusu ya maana ya kazi, basi aliyechagua ni nusu ya mtunzi.

Wa tatu ni ndugu wawili wa kike wa Amman, Nisreen na Nermeen Abudail, mmoja msanifu wa majengo na mwingine wa michoro, waliouita ushirika wao Naqsh. Mswahili hahitaji kuelezwa jina hilo: ni nakshi, neno ambalo katika pwani ya Afrika Mashariki latumika kwa nguo na kwa milango ya mbao vilevile. Na kweli hao ndugu wameitoa tarizi katika nguo, wakaipeleka katika mbao, jiwe na madini. Kazi yao iitwayo Shawl, ya mwaka 2015, imetengenezwa kwa mbao za mjozi na shaba ya njano, na ilikuwa miongoni mwa kazi za walioteuliwa kushindania Tuzo ya Jameel huko London mwaka 2018. Ilichofanya ni kuikuza nakshi hata mtazamaji aone muundo wake kama aonavyo msingi wa jengo. Kile kilichokuwa kipambo cha bega kimekuwa ukuta, na mtu aliyekidharau kwa kuwa ni kazi ya wanawake vijijini hana budi kusimama mbele yake.

Hapo pana faida na pana hasara, na hasara si ndogo. Kanzu ilikuwa na mwili ndani yake. Ilichakaa kiwikoni, ilipanuliwa mwenye nayo alipopata mimba, kifua chake kilibanduliwa kikashonwa katika kanzu mpya ya zamani ilipokwisha. Mbao haina umri wa namna hiyo. Tena mkono unaochonga mbao si mkono uliohesabu nyuzi, na hesabu iliyohamishwa katika madini yaweza kuwa kamili kupita kiasi, bila ule mwachano mdogo unaoonyesha kuwa mtu alikuwa akipumua. Kazi hii basi yafanana na jiwe la ukumbusho: humheshimu sana aliyetajwa, lakini haiwezi kuzungumza badala yake. Ndugu hao wameihifadhi mizani. Sauti wameiacha katika nguo.

Wapinzani watasema kuwa vipimo hivi ni vikali mno, kwamba watu walionyang'anywa nchi hawapaswi kuulizwa maswali ya ufundi, na kwamba kila kikombe chenye mberoshi ni ushuhuda. Hoja hiyo ina uzito, na uzito wake umezidi. Vita vilivyoanza Gaza Oktoba 2023 viliharibu nyumba, makumbusho na hifadhi, na pamoja na watu walioangamia ziliangamia nguo zisizohesabika ambazo hakuna aliyezipiga picha. Lakini hasara hiyo hiyo ndiyo inayodai ukali. Nguo iliyoungua haiwezi kurudishwa kwa picha ya mberoshi juu ya kikombe. Mtu anayejua mberoshi huo ulihesabiwa vipi, ulipangwa wapi katika kanzu, na ulikaa jirani na nakshi gani, anaweza kuushona tena kesho mahali popote palipo sindano. Jumba la Tiraz lililofunguliwa Amman mwaka 2015 kwa mkusanyo wa Widad Kawar lahifadhi nguo. Ujuzi wa kuzishona hauna kabati la kuutosha isipokuwa mikono ya watu.

Wakongwe wa kazi hii wana desturi ya kuigeuza nguo wautazame mgongo wake kabla ya kuisifu. Mbele yaweza kudanganya. Nyuma huonyesha uzi ulianzia wapi, uliruka wapi, ulifungwa vipi, na kama mshonaji aliijua njia au aliipapasa. Kitambaa kilichochapwa kwa mashine hakina mgongo wa kutazama, na kwa hiyo hakina la kujibu. Kazi ya Feryal Abbasi-Ghnaim na binti yake yaweza kugeuzwa bila hofu. Ya Nassar yaweza kugeuzwa pia, na nyuma yake huonekana mikono zaidi ya mmoja, jambo ambalo mbele halijasema vya kutosha. Ya Naqsh haigeuki, kwa kuwa ni mbao na jiwe, lakini humrudisha mtazamaji kwenye nguo inayogeuka.

Kipimo hicho chaweza kuvuka bahari. Kofia za kushonwa kwa mkono za Lamu na Zanzibar nazo zinashindana leo na za mashine, na wapo vijana wanaochukua nakshi zake kwa mapambo mengine. Atakayewahakiki asiwaulize kwanza kama wamebadili kitu. Awaulize kama wanaweza kuhesabu walichokibadili.